Barabara ya Mgololo na Mzigo wa Kuwajibika

Tangu mabaraza ya wilaya yaliporejeshwa nchini Tanzania kwa sheria za mwaka 1982, ni mabadiliko machache ya utawala yaliyomfikia mwananchi wa kijijini kwa haraka kama uamuzi wa mwaka 2017 wa kuziondoa barabara za wilaya mikononi mwa halmashauri na kuzikabidhi kwa Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, unaojulikana zaidi kwa kifupi chake, TARURA. Wakala huo uliundwa kwa mujibu wa Sheria ya Wakala za Serikali na kuwekwa chini ya TAMISEMI, yaani Ofisi ya Rais inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa, ukazinduliwa Julai 2017 na kubebeshwa mtandao wa barabara ambao baadaye ulihesabiwa kuwa na zaidi ya kilomita 144,000. Tangu hapo swali moja limekuwa likirudi katika vikao vya madiwani na bungeni: ikiwa diwani ndiye anayeomba kura kwa ahadi ya barabara, na meneja wa wakala ndiye mwenye fedha na mikataba, ni nani atakayemjibu mwananchi siku kalavati litakapozolewa na maji?

Swali hilo linafufua kumbukumbu za Mgololo, katika wilaya ya Mufindi mkoani Iringa, ambako mwandishi wa makala haya alikulia, akafanya kazi jirani yake na hatimaye kurudi kulima. Katika maisha hayo barabara zilezile zimebadilishiwa msimamizi zaidi ya mara moja, na kila badiliko limetangazwa kuwa tiba. Kumbukumbu zinazofuata zinaeleza kila badiliko lilileta nini na liliacha nini nyuma, kwa kuwa barabara hudumu pale tu ujuzi wa mahali, fedha na wajibu wa kujibu maswali vinapokaa pamoja, na mabadiliko yaliyokwisha kufanyika yamekuwa yakihamisha kimoja au viwili na kukisahau cha tatu.

Ni vyema kwanza kueleza namna sheria inavyogawa barabara. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 inatambua makundi mawili makubwa. Kundi la kwanza ni barabara za kitaifa, ambazo ni barabara kuu, zinazounganisha mikoa na nchi jirani, na barabara za mkoa, zinazounganisha wilaya na sehemu muhimu za kiuchumi; hizi husimamiwa na Wakala wa Barabara, TANROADS, ulioanza kazi Julai 2000. Kundi la pili ni barabara za wilaya, ambazo nazo zimegawanyika katika barabara za mkusanyo, zinazokusanya magari kutoka kata mbalimbali, barabara za mjazio, zinazozijaza zile za mkusanyo, na barabara za jamii, zinazoishia vijijini na mashambani. Mgawanyo huo ni safi kwenye karatasi. Hata hivyo, msafiri anayetoka Mafinga kwenda kijiji kilicho nje kidogo ya Mgololo huanzia kwenye barabara kuu iendayo Mbeya na Tunduma, akaingia barabara ya mkoa inayopita Mtwango, akaiacha na kushika barabara ya wilaya, na pengine akamalizia kwenye njia za ndani ya shamba la miti la Sao Hill au za mashamba ya chai, ambazo hutunzwa na wenye mashamba wenyewe. Katika safari ya siku moja atakuwa amepita kwa wasimamizi watatu au wanne, naye anachokiona ni barabara moja.

Kumbukumbu za awali ni za miaka ya 1980, wakati kiwanda cha karatasi cha Mgololo, kilichojulikana kama Southern Paper Mills, kilipojengwa na kuanza uzalishaji mwaka 1985. Kiwanda kilifuata misonobari ya Sao Hill na reli ya TAZARA, na ujio wake uliifanya barabara iliyokuwa ya baiskeli na magari machache ipitishe malori ya magogo, saruji na mitambo. Serikali za mitaa, zilizokuwa zimefutwa mwaka 1972 chini ya mpango wa Madaraka Mikoani, zilikuwa ndiyo kwanza zimerudi, tena zikiwa hazina kitu, hivyo njia za vijijini zilibaki kuwa kazi ya wanakijiji wenyewe. Balozi wa nyumba kumi alipita jioni kutangaza siku ya maendeleo, na kesho yake watu wazima walitoka na majembe, mafyekeo na mabeseni, huku watoto, mwandishi akiwa miongoni mwao, wakiokota mawe ya kujaza makorongo. Kazi ikiisha, wazee waliketi kunywa ulanzi na kubishana ni wapi maji yangepita kifuku kijacho, kama msimu wa mvua unavyoitwa huko.

Mabishano yale yalikuwa na thamani kubwa kuliko yalivyoonekana. Wazee walijua chemchemi ipi hufufuka mwezi Machi baada ya mvua kulainisha udongo, mteremko upi humomonyoka endapo miti ya juu yake itakatwa, na mahali gani mtaro ukichimbwa upande wa kushoto utaiua njia na ukichimbwa upande wa kulia utaiponya. Pamoja na hayo, mwenyekiti wa kijiji aliyezembea kuitisha kazi alisemwa mbele ya mkutano na watu waliomchagua. Ujuzi na uwajibikaji vilikuwepo, lakini hapakuwa na fedha wala mtambo: daraja la magogo likivunjika chini ya lori, hakuna jembe lililoweza kulirejesha, na kijiji kilijifunza kusubiri hisani ya kiwanda au ya shamba la chai. Funzo la kipindi kile ni kwamba kujitegemea kuna mpaka wake, na mpaka huo ni uzito wa gari linalopita. Njia iliyotengenezwa kwa nguvu za watu hubeba mizigo ya watu hao, ilhali mzigo wa kiwanda unahitaji hazina inayolingana nao.

Hazina hiyo ilianza kupatikana katika miaka ya mwisho ya 1990. Marekebisho ya sheria ya tozo za barabara ya mwaka 1998 yaliunda Mfuko wa Barabara, unaokusanya tozo katika kila lita ya petroli na dizeli na kuzielekeza fedha hizo, kwa kiwango kisichopungua asilimia 90, katika matengenezo. Kwa mgawanyo uliozoeleka, asilimia 70 ilikwenda kwa barabara za kitaifa na asilimia 30 kwa zile za halmashauri. Wakati huo mwandishi alikuwa fundi sanifu kijana katika idara ya ujenzi ya halmashauri mojawapo ya Nyanda za Juu Kusini, akipima mitaro, kuhesabu tripu za changarawe na kuandika makisio ambayo mhandisi wa wilaya aliyapeleka kwenye kamati ya ujenzi na kisha kwenye baraza la madiwani.

Katika baraza ndiko makisio yalikobadilika sura. Mhandisi aliomba fedha zote ziwekwe kwenye barabara mbili zilizobeba sehemu kubwa ya mazao ya wilaya, akieleza kwamba kilomita iliyochongwa, ikamwagiwa changarawe, ikashindiliwa na kuchimbiwa mitaro itadumu misimu kadhaa, na kwamba kilomita iliyopitiwa na greda peke yake haitauona mwezi wa Aprili. Madiwani walimsikiliza kwa heshima, wakamshukuru, kisha wakagawana fedha sawasawa kata kwa kata, kwa kuwa hapakuwa na aliyeweza kurudi kwa wapiga kura wake mikono mitupu. Matokeo yalikuwa vipande vifupi vya barabara nzuri vilivyotenganishwa na matope, na zabuni ndogondogo zilizowavutia wakandarasi wasio na mtambo hata mmoja. Mara nyingi fedha nazo zilifika wakati mvua zimekwisha kuanza, kwa sababu mwaka wa fedha wa Serikali huanza Julai, utaratibu wa zabuni hula miezi, na mvua za Mufindi hazingoji zaidi ya Novemba au Desemba.

Ni rahisi kuwacheka madiwani wale, na wataalamu wengi waliokuja baadaye kutetea mageuzi waliwacheka. Hata hivyo, kikao kilekile kilikuwa na upande mwingine ambao mageuzi hayakuuthamini vya kutosha. Kila robo mwaka mhandisi alisimama mbele ya watu waliochaguliwa, akaulizwa kwa nini kalavati la mahali fulani limewekwa juu ya usawa wa maji, naye alilazimika kujibu palepale huku makarani wakiandika. Mara moja diwani mzee, asiyewahi kukanyaga chuo cha ufundi, alimweleza mhandisi kwamba mto uliochorwa kwenye mpango ulikuwa umehamia bonde la pili miaka mingi nyuma. Kesho yake watu walikwenda kuangalia, na mchoro ukabadilishwa. Baraza liligawa fedha vibaya, lakini lilifikisha habari za kutoka chini hadi mezani pa mtaalamu, na mwenye jukumu alijulikana kwa sura.

Kipindi hichohicho kilionyesha tatizo la aina nyingine, la mpaka kati ya mamlaka na mamlaka. TANROADS ilipoanza mwaka 2000, barabara za mkoa zilipata usimamizi wa kitaalamu na mikataba ya matengenezo ya mwaka mzima, na tofauti ilionekana kwa macho katika kila makutano. Greda la mkandarasi lilikuja likichonga vizuri, likafika njia panda, likanyanyua kisu chake na kugeuza, kwa kuwa mkataba ulikomea hapo. Mkandarasi hakuwa na kosa, kwani alifanya alicholipwa. Tatizo lilikuwa maji: mitaro mizuri ya barabara ya juu ilikusanya mvua ya mlima mzima na kuimwaga juu ya barabara ya wilaya iliyokuwa chini, ambayo haikuwa na fedha ya kuyapokea. Mafundi wa ofisi mbili, walioishi mtaa mmoja na kunywa chai meza moja, hawakuwa na kikao cha pamoja cha kuamua maji yale yaelekezwe wapi, isipokuwa bodi ya barabara ya mkoa, ambayo haikukutana kwa ajili ya mtaro mmoja. Orodha ya majukumu ilichorwa kwa kufuata majina ya barabara, na maji yalifuata mteremko. Yeyote anayepanga upya majukumu haya anapaswa kuanza na bonde na mteremko, kisha ndipo afike kwenye majina ya ofisi.

Mwaka 2017 mwandishi alikuwa amekwisha kuacha utumishi na kurudi kijijini kwenye chai na miti. Wahandisi na mafundi wa halmashauri walihamishiwa TARURA pamoja na magari na mafaili yao, na sababu zilizotolewa zilieleweka kwa yeyote aliyewahi kukaa kwenye kikao cha kugawana fedha: mipango ifuate umuhimu wa barabara, utaalamu usiingiliwe na siasa, fedha zisichanganywe na mahitaji mengine ya halmashauri. Baadhi ya matunda yalionekana. Mwaka 2021 tozo ya mafuta iliongezwa shilingi 100 kwa lita kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini. Katika Mufindi kwenyewe barabara za wilaya zilizokuwa ndoto zilianza kuwekewa lami, kama ile ya Sawala, Mkonge na Iyegeya katika ukanda wa chai, yenye kilomita zipatazo 30, na ile ya Mtili, Ifwagi na Mkuta yenye kilomita 14. Kazi za ukubwa huo zisingetoka katika baraza lililokuwa likikata mkate vipande sawasawa kwa kila kata.

Katika mkutano mmoja wa hadhara uliofanyika miaka michache baada ya uhamisho huo, mama mmoja wa makamo aliinuka, akamwamkia mwenyekiti, kisha akamgeukia diwani: “Mheshimiwa, kalavati la kwetu limeziba tangu mwaka juzi, watoto wanavuka kwa kubebwa. Tumwambie nani?” Diwani akajibu kwa unyenyekevu kwamba barabara haiko tena chini ya halmashauri, kwamba yeye pia ameandika barua, na kwamba anaisubiri bajeti kama wao wanavyoisubiri. Hakusema uongo. Mhandisi aliyejua jibu hakuwa na wajibu wa kuhudhuria mkutano ule, diwani aliyehudhuria hakuwa na mamlaka, na mama yule alikaa chini bila jibu, ingawa kila mtumishi aliyehusika alikuwa ametimiza kazi yake kwa mujibu wa mwongozo. Uhamisho ulipeleka utaalamu na fedha mahali pamoja, jambo jema, ila wajibu wa kujibu ulibaki kwa mtu asiye na cha kujibia. Zaidi ya hapo, kazi ya kuzibua kalavati lile ingetosha kufanywa na vijana wachache kwa siku moja, kama ilivyofanywa zamani kwa wito wa balozi, isipokuwa sasa watu walikuwa wamezoea kuiona barabara kuwa mali ya wakala, na aliyeshika jembe juu yake alihofu kuulizwa kibali.

Usimamizi wa magari una mkanganyiko mkubwa zaidi, na ndio unaoziua barabara za eneo la misitu. Kifuku kimoja viongozi wa kijiji waliweka gogo kukatiza njia ili kuyazuia malori yaliyokuwa yakishusha magogo usiku na kuacha nyayo za magurudumu zenye kina cha goti. Dereva wa lori la kwanza alishuka kwa adabu, akatoa karatasi zake mbele ya taa: kibali cha kuvuna, hati ya kusafirisha mazao ya misitu, risiti ya ushuru, leseni ya gari, bima. Zote zilikuwa halali. Kila ofisi iliyomhusu ilikuwa imepokea ada yake na kugonga muhuri wake, na katika karatasi zote hizo hapakuwa na hata moja iliyoeleza kama njia ile ya udongo ina uwezo wa kubeba tani zile katika mwezi ule. Askari wa usalama barabarani alikuwa mbali, mwenyekiti wa kijiji hakuwa na mamlaka ya kupima uzito, na kabla ya alfajiri gogo liliondolewa, malori yakapita.

Tukio hilo linaonyesha pengo lililo katikati ya sheria nyingi nzuri. Uzito wa magari kwenye barabara kuu unasimamiwa kwa Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, inayoweka kikomo cha tani 56 kwa gari na mzigo wake, na mizani za Wenda na Makambako huyapima malori yanayopita kati ya Iringa na Mbeya. Mwendo na makosa ya madereva ni kazi ya polisi chini ya Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973. Leseni za usafirishaji ziko chini ya LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri ardhini iliyoundwa mwaka 2019 kuchukua nafasi ya SUMATRA. Stendi ni za halmashauri. Katika mji kama Mafinga, ambako barabara kuu hupita katikati ya maduka na bodaboda huegesha ukingoni mwake, kivuko cha wanafunzi kinaweza kuhitaji ridhaa ya ofisi tatu kabla ya kupakwa rangi. Kwenye njia za msituni hali ni kinyume: ofisi zote zina haki ya kukusanya, na hakuna yenye wajibu wa kuzuia. Anayetunza barabara hana mamlaka juu ya gari, na mwenye mamlaka juu ya gari halipi gharama ya barabara. Maadamu viwili hivyo vimetengana, kila fedha ya matengenezo itakuwa inamwagwa mbele ya magurudumu.

Nchi jirani zinaonyesha kwamba hakuna mpangilio mmoja unaoponya peke yake. Uganda iliunda mamlaka ya barabara za kitaifa, UNRA, kwa sheria ya mwaka 2006, ikaisifu kwa utaalamu wake, na mwishoni mwa 2024 ikaivunja na kuyarudisha majukumu wizarani. Kenya ilikwenda njia nyingine: Katiba ya mwaka 2010 ilizipa serikali za kaunti barabara za kaunti, wakala za kitaifa za barabara za vijijini na mijini zikaendelea kuwepo, na kaunti na Bunge la Taifa wamekuwa wakivutana juu ya nani apewe tozo ya mafuta. Uganda ilirudisha juu, Kenya ilishusha chini, Tanzania iliweka kando, na malalamiko yanafanana.

Kwa Mgololo, mjadala huu si wa nadharia, kwa kuwa Juni 2023 barabara ya Mafinga, Mtwango na Mgololo, yenye kilomita 81, iliwekwa miongoni mwa barabara saba ambazo Serikali ilitia saini mikataba ya kuzijenga kwa lami. Lami itakapofika kiwandani, malori yatakuwa makubwa zaidi na ya haraka zaidi, na mzigo utasukumwa kwenye njia za wilaya zinazoilisha. Wapo wanaotaka njia hizo nazo zipandishwe hadhi, yaani zihamishwe kutoka TARURA kwenda TANROADS, na wapo wanaotaka TARURA ivunjwe na barabara zirudi halmashauri. Uzoefu uliosimuliwa hapa hauungi mkono upande wowote kwa ukamilifu, kwa sababu kupandisha hadhi huongeza fedha kwa barabara moja na kuiacha inayofuata, na kurudisha halmashauri bila sharti kutarudisha ule mgawo wa kata kwa kata.

Yanayohitajika ni madogo kwa sura na magumu kwa utekelezaji. Meneja wa wakala wa wilaya afungwe na sheria kuhudhuria baraza la madiwani kila robo mwaka na kujibu kwa maandishi, huku baraza likinyimwa uwezo wa kugawa fedha na likipewa uwezo wa kuhoji kwa nini hazikufanya kazi. Zabuni za matengenezo zikamilike kabla ya Oktoba, hata ikibidi zitangazwe kabla ya mwaka wa fedha kuanza. Vikundi vya vijiji vilipwe kwa mkataba mdogo kuzibua mitaro na makalavati, kwa kuwa wao ndio wanaojua maji yanapita wapi. Kibali cha kusafirisha magogo kitaje njia, tani na miezi inayoruhusiwa, na ushuru usipokelewe kwa mtu ambaye hajaonyesha karatasi hiyo. Mwisho, sehemu ya ushuru wa mazao ya misitu irudi moja kwa moja kwenye njia ambayo mazao hayo yamepita, iandikwe kwenye ubao wa kijiji pamoja na jina la ofisi na cheo cha mtumishi anayedaiwa kazi hiyo. Hapo swali la yule mama kuhusu kalavati litakuwa na mtu wa kulijibu, awe wa halmashauri au wa wakala, na mjadala wa nani amiliki barabara utapungua uzito wake.